Chupa ya Alfajiri

Nchi ya Mchujoni ililala baina ya vilima viwili vilivyojikunja kama kunde mbili zilizogeuziana matumbo, na tangu zama ambazo hata waongo wake hawakuthubutu kudai kuzikumbuka, mvua yote ya nchi ile ilinyesha juu ya vilima hivyo, ikazama katika mchanga wao mweupe, ikateremka polepole gizani ikiuacha huko kila uchafu iliokuja nao, na ikatokea chini kwenye chemchemi ikiwa safi kiasi cha mtu kuinama na kuziona kope zake moja moja. Watu wa huko hawakuwa na dhahabu wala bandari. Walikuwa na maji, na walidhani maji yanatosha.

Kisha watawala wao wakagundua kwamba mchanga una wanunuzi wengi ng'ambo ya mpaka kuliko maji. Mikokoteni ikaanza kupanda vilimani mitupu na kushuka imejaa, mwaka baada ya mwaka, hata vile vilima viwili vikakonda kama ng'ombe wa kiangazi na mbavu zao za mawe zikatokeza nje. Mvua iliendelea kunyesha, maana mvua haina habari za biashara, lakini sasa ilipita vilimani mbiombio kama mgeni asiyekaribishwa, ikatoka chini na matope yake yote, na watu wakayanywa kwa kuwa kiu nayo haina habari za biashara.

Nchi hiyo ilitawaliwa na mtu aliyeitwa Mhimili. Kazi yake kubwa ilikuwa kusimama. Kila siku tangu jua lichomoze mpaka adhuhuri alisimama kwenye roshani ya Ikulu, mbele ya macho ya watu, hana kiti, hana fimbo, kwa sababu sheria ya kwanza ya Mchujoni ilisema nchi itasimama maadamu Mhimili wake amesimama. Nyuma yake walijipanga Mabwana wa Mchanga, wamevitanguliza vitambi vyao kama magunia mbele ya ghala, nao waliambizana kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani kwamba hawajapata kumwona Mhimili mwenye miguu ya namna ile.

Mkabala na Ikulu, upande usiopata jua, kulikuwa na Jumba la Namba. Huko kila ugonjwa wa kila mtu uligeuzwa kuwa namba, na ugonjwa usio na namba haukuwa ugonjwa bali tabia mbaya. Mara moja kwa mwaka kila mwenye nchi alipeleka mkojo wake kwa tabibu wa mtaa, tabibu akaandika alichokiona, na jalada likapelekwa Jumbani bila jina, limefungwa uzi wenye mafundo tu, ili mtia-namba asimjue mgonjwa wala asimwogope. Jina lilifunguliwa uwanjani, siku ya kusomwa namba, na mpiga mbiu. Mhimili naye alipimwa. Jalada lake liliingia katika mafungu kama la mchoma mkaa, na kila mwaka lilipata sifuri, namba ya wazima.

Bi Kidawa alikuwa ametia namba kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kidole cha kati kilichopinda kwa kalamu, na katika umri huo hakuwa akitaka tena kusifiwa. Alitaka tu kumaliza fungu la siku na kwenda nyumbani. Kazi yake hasa ilikuwa mkojo wenye povu. Povu linalotulia halina neno. Lakini povu linalokaa, jeupe, zito kama la ute wa yai uliopigwa, lina maana kwamba chujio la mwili limetoboka na kile chakula kinachojenga nyama, ambacho kingebaki ndani, kinamwagwa chooni. Povu hilo lilikuwa na namba mbili kubwa. Themanini na moja lilikuwa povu la kudumu, ugonjwa wa figo kweli, na mwenye nalo alipewa dawa ghalani kila mwezi. Tena sheria ya kale ilisema wakifika mia kwa mwaka mmoja, vilima vifungwe vichunguzwe. Themanini na mbili lilikuwa povu la kusimama, linalotoka mtu anapokaa wima mchana kutwa na kutoweka akilala. Hilo halina dawa, wala halihitaji.

Kuzitenganisha namba hizo mbili kulihitaji chupa mbili: ya alfajiri, mtu anapoinuka tu kitandani, na ya adhuhuri. Ya alfajiri ikiwa safi, ni kusimama. Zote zikiwa na povu, ni figo. Na sharti kuu la Jumba lilikuwa hili, kwamba mtia-namba haongezi neno: asichokiandika tabibu, yeye hakijui, hata kama kimemmwagikia miguuni.

Mwaka ule povu lilizidi. Wakulima, wafinyanzi, wafua nguo, wote. Wakuu walipopelekewa habari kwamba majalada ya themanini na moja yamefika tisini na nne, walikutana Ikulu kwa siku mbili, wakala, wakatoka na Amri ya Mkeka. Amri ilisema chupa ya alfajiri inachosha matabibu, na kuanzia siku ile isipokewe wala isisomwe, iwe ya nani. Ilisema kila mwenye mkojo katika ardhi ya Mchujoni atakayeonekana na povu adhuhuri ahesabiwe kuwa na povu la kusimama. Apewe mkeka wa kijani wa serikali. Alale juu yake tangu macheo hadi machweo, asisimame sokoni, kazini wala barazani mpaka povu limwishe. Mikeka ilisukwa na shemeji yake Waziri Shungi.

Ndivyo nchi ilivyolala. Mtu akipita mitaani mchana aliona nyayo tu vibarazani, safu kwa safu, zimeelekea barabarani kama samaki wa kuanikwa. Na Bi Kidawa aliandika themanini na mbili, themanini na mbili, themanini na mbili, mpaka akawa anaiona namba hiyo katika masinzi ya chungu chake.

Mumewe, Faki, alikuwa fundi wa mawe na mtunga mashairi ya kuwachokoza watu harusini. Sasa alikuwa mkekani mwezi wa tatu. Uso wake uliamka umevimba, macho yamebaki kama tundu za vifungo, na miguu ilijaa hata viatu vikawa kumbukumbu.

"Njoo ubonyeze hapa," alimwambia mkewe asubuhi moja, akimnyooshea muundi wa mguu. "Bonyeza tu, bibie."

Bi Kidawa akabonyeza. Kidole kilizama, na kilipotoka kiliacha shimo lisiloziba.

"Umeona? Miaka arobaini natafuta udongo laini namna hii, kumbe nimeukalia."

"Usinichekeshe, Faki. Nimechoka."

"Umechoka wewe unayetembea!" Kisha akaangalia dari, na kwa sauti yake ya harusini akatoa ubeti aliousuka akiwa chali:

"Tumeambiwa laleni, kusimama ni maradhi,
Mgongo u mkekani, miguu haina hadhi,
Mchanga u safarini, na wakubwa wako radhi,
Povu likiwa chupani, nani wa kutuhifadhi?"

Mkewe alikuwa ameinua mwangani chupa ya mumewe ya alfajiri ile, iliyokingwa kabla hajanyanyua kichwa kwenye mto wa kulalia. Povu lilikuwa limekaa juu kama kofia.

Aliifunika kwa jani la mgomba, akaitia kikapuni, akaenda kwa Tabibu Ndaro, rafiki wa mumewe tangu ujana.

"Chupa ya alfajiri haipo tena, shemeji," alisema tabibu bila kuinua uso.

"Ipo. Nimekuja nayo."

"Haipo kwenye fomu."

"Andika pembeni. Maneno matatu: alfajiri, povu, limekaa. Mimi siwezi kuandika usichoandika, unajua. Lakini ukiandika, hakuna wa kunizuia kusoma."

Tabibu alitazama mlango, akatazama chupa, akaifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Niombe kitu kingine chochote," alisema. "Kalamu hii inalisha midomo mitano."

"Mwenzio anakufa, Ndaro."

"Najua. Nilimwona. Kwa nini unadhani siji tena kumtazama?"

Bi Kidawa akaondoka na chupa yake. Njiani hakulia, alikuwa amefika mahali ambapo kulia nako ni kazi.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya hapo, katika fungu la kawaida, kati ya jalada la uzi wa mafundo mawili na la mafundo matano, alipofungua jalada lililomfanya aweke kalamu chini. Ndani mwake tabibu alikuwa ameandika, kwa mkono wa kizee na wa madaha, habari za chupa mbili. *Alfajiri: povu jingi, halitulii. Adhuhuri: vivyo hivyo.*

Hakuna tabibu aliyeandika chupa mbili tangu Amri. Hakuna aliyethubutu. Ni nyumba moja tu katika nchi nzima ambayo ingeendelea kupokea chupa ya alfajiri, kwa sababu waliotunga Amri hawakuitunga kwa ajili yao wenyewe, na ni tabibu mmoja tu, mzee wa Ikulu, aliyezeeka kiasi cha kuandika anachokiona. Kisima cha Ikulu, pamoja na vigae vyake vyote, kilikuwa kikinywa kutoka vilima vilevile.

Alikaa nalo mpaka chai yake ikaota utando. Waziri Shungi alifika kabla ya adhuhuri, peke yake, manukato yakimtangulia.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, Mheshimiwa. Karibu. Kiti ni kimoja tu, nami nimekikalia."

"Nitasimama."

"Ndiyo. Nyinyi bado mnaweza."

Waziri akameza hilo. "Jalada lenye chupa mbili liko wapi?"

"Hili hapa."

"Unajua la nani?"

"Sheria inanikataza kujua."

"Sikuulizi sheria, Bi Kidawa."

"Basi najua."

"Andika sifuri."

"Tabibu ameandika povu."

"Tabibu huyo amestaafu jana jioni."

"Yeye amestaafu. Wino wake bado uko kazini."

Waziri alivuta pumzi. Angeweza kuita askari wakamtoa mwanamke yule na kiti chake. Lakini jalada lililokwisha kufunguliwa mezani halifungwi ila kwa mkono wa aliyelifungua. Sheria hiyo iliandikwa katika ukurasa uleule uliompa Mhimili roshani yake, na wakuu waliogopa kuuchana wasije wakaichana na roshani. Kwa hiyo akalainisha sauti.

"Nimesikia habari za mzee wako. Fundi hodari. Naweza kumpatia themanini na moja, kimya kimya, na dawa ya mwezi wa kwanza imo garini hivi sasa. Wewe unaandika sifuri hapa, naye anaamka kule. Nani ameumia?"

Bi Kidawa alitazama kidole chake kilichopinda. "Kama nisipoandika sifuri?"

"Utaandika nini? Themanini na moja huwezi. Amri imekataza chupa ya alfajiri isisomwe."

"Kweli. Nikiifunika hiyo, inabaki ya adhuhuri. Ya adhuhuri ina povu. Basi ni povu la kusimama, Mheshimiwa. Themanini na mbili. Mkeka."

Waziri alibadilika rangi kama kitambaa kilichotiwa maji. "Amri ile haikuandikwa kwa ajili yake!"

"Ilisema kila mwenye mkojo."

Kisha Waziri akasema taratibu kwamba anampa mpaka kesho asubuhi, na kwamba dawa itabaki garini.

Bi Kidawa alimweleza Faki yote, amekaa sakafuni kando ya mkeka, bila kupunguza neno. Alitarajia kejeli, au ubeti. Faki alimshika mkono.

"Chukua," alisema. "Chukua hiyo dawa, Kidawa. Mimi mashairi yangu ni ya watu wazima wa afya. Nataka kuishi."

"Mwezi wa kwanza watakupa. Wa pili nitawaomba. Wa tatu nitawapigia magoti. Jalada la Mhimili likishafungwa kwa sifuri, wana haja gani na mimi tena?"

"Huo mwezi wa kwanza, nauhitaji."

"Nisikilize. Nikiandika themanini na mbili, Mhimili naye analazwa mkekani. Apende, asipende. Njia ya kumwinua ni moja tu, kuonyesha kwamba povu lake si la kusimama. Na hilo halionyeshwi bila chupa ya alfajiri. Lazima wairudishe. Wakiirudisha kwake, wameirudisha kwa kila mtu."

"Lini?"

Bi Kidawa alinyoosha pindo la mkeka lililojikunja.

"Unacheza bao, mke wangu," alisema Faki, akiuachia mkono, "na kete unayoitupa ni mimi." Akageukia ukuta kwa shida, kama gogo linalogeuzwa majini.

Asubuhi Bi Kidawa aliandika themanini na mbili. Aliiandika kwa hati yake ya kila siku, si kubwa wala ndogo, akapiga muhuri, akalitia jalada fungu la kusomwa. Waziri alipokuja aliukuta wino umekauka. Bi Kidawa alimsikia akiteremka ngazi, akasikia gari likiondoka na ile dawa, akafungua jalada lililofuata.

Adhuhuri mpiga mbiu akafungua mafundo na kusoma. Alisoma jina la mfua nguo, la mwashi, la mjane mmoja, na kwa kuwa alizoea kusoma kama anayekoroma, alikwisha kulitamka jina la nne na namba yake kabla hajalisikia mwenyewe. Karani wa Mikeka, mtu wa orodha, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia asifanye kazi yake, alibeba mkeka wa kijani mpaka lango la Ikulu, akagonga, akaomba saini ya kupokea.

Siku ya kwanza roshani ilibaki tupu, na Mabwana wa Mchanga walisema Mhimili ana wageni. Siku ya pili waliuvika mti joho lake wakausimamisha pale juu. Upepo ukavuma ukalijaza tumbo, kisha ukalitoboa mgongoni, na watu waliolala chini wakitazama juu waliona kila kitu, kwa kuwa aliyelala chali ana nafasi nzuri kuliko wote ya kuiona roshani. Siku ya tatu joho nalo halikutoka. Mikokoteni vilimani ilisimama, si kwa amri, bali kwa kuwa hakuna aliyejua tena ni nani wa kuitolea amri. Nchi, hata hivyo, haikuanguka. Vyungu vilichemka, kuku walitaga. Watu waliliona hilo pia.

Siku zote tatu Faki alikula kidogo, akakojoa kidogo zaidi, na hakumtazama mkewe.

Alfajiri ya nne Bi Kidawa aliamka akaukuta mkeka hauna mtu. Alitoka mbio bila ushungi. Uwanja mbele ya Jumba la Namba ulikuwa umejaa watu, na watu wale walikuwa wamesimama, kwa mstari, kila mmoja ameshika mkononi chupa yake ya alfajiri yenye joto bado: wafua nguo, wafinyanzi, wajane, wengine wameegemea mabega ya wenzao. Hakuna aliyewaita. Karibu na mkia wa mstari alikuwepo Faki, ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

"Nani kakuleta?" Bi Kidawa alimuuliza, pumzi zikimwishia.

"Miguu. Imekuja kwa matusi, lakini imekuja." Akamwangalia, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. "Sijakusamehe, Kidawa. Fungua mlango."

"Hakuna amri mpya, Faki. Nikifungua, sina ninachoruhusiwa kusoma."

Hapo mlango mdogo wa pembeni wa Ikulu, ule wa kutolea majivu, ulifunguka, akatoka mtumishi mmoja mzee, amevaa kanzu ya nyumba ya Mhimili, amebeba kwa mikono miwili chupa iliyofunikwa hariri. Alivuka uwanja akitazama chini. Watu walimpisha bila kumwamkia. Alipofika kwa Bi Kidawa aliinama.

"Amri iko wapi?" Bi Kidawa alimuuliza. "Umeleta karatasi?"

"Sikupewa karatasi, mama," alisema yule mzee. "Nimepewa chupa tu."

Bi Kidawa aliitazama roshani tupu, akautazama mstari. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake.

Mtumishi alikohoa kidogo. "Samahanini," aliuliza, "mwisho wa mstari ni wapi?"

Faki alimtazama mzee yule, akaitazama chupa. Kwa kidole alichozoea kupimia kuta aliinua upindo wa hariri, akalichungulia povu, akaurudisha.

"Kule nyuma," alisema. "Na ushike vizuri. Lisimwagike."